Kamera imezima kwa baridi Chicago, vidole vina ganzi, je niache picha za alfajiri?

"Habari mtaalamu. Niko Chicago huu mwaka wa pili, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, natoka saa 11 alfajiri. Nyumbani Dar nilikuwa napenda kupiga picha za mji, nasimama upande wa Kigamboni naipiga Posta jua likichomoza. Huku nimenunua kamera ya mtumba, wiki iliyopita nikatoka kazini moja kwa moja mpaka kule Adler Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota ukingoni mwa Ziwa Michigan, ilikuwa kama nyuzi 17 chini ya sifuri na upepo. Nilifika saa 11 na nusu, mlinzi akanifukuza, nikazunguka nikarudi, nikakaa nje mpaka saa 1 na nusu. Betri ilikuwa asilimia 80 ikazima ghafla, skrini ikawa inavuta, na nyumbani nilipoitoa kamera kwenye begi lenzi ikajaa ukungu, nikaifuta nikaiweka karibu na hita, sasa kuna doa ndani. Vidole viwili vya mkono wa kulia leo siku ya tano havina hisia vizuri na ncha zimekuwa ngumu. Washkaji wanasema baridi ya huku inaua kamera, wengine wanasema nipige kidogo kitu kikali kabla ya kutoka. Nimepata picha nne tu na theluji imetoka ya kijivu. Je niuze kamera au nisubiri joto lirudi?"

Ndugu yangu, pole sana. Swali lako ni la kamera lakini mimi naanza na vidole, kwa sababu kwenye hayo yote uliyoandika hicho ndio kitu pekee ambacho hakinunuliki. Siku ya tano bado ganzi, ncha ngumu, hiyo sio ya kusubiri ipite yenyewe. Nenda kaonane na daktari leo au kesho asubuhi ukitoka kazini kabla hujalala, na ukifika usiseme tu "mkono unauma", waambie ulikaa nje saa mbili kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri na unaogopa frostbite, yaani nyama kuganda kwa baridi, hilo ndio neno lao huku na ukilitaja wanakuelewa mara moja. Kama unawaza gharama, kuna vituo vya afya vya jamii ambavyo vinatoza kulingana na kipato chako, uliza hivyo. Ila ukiona malengelenge, au ngozi inageuka nyeusi kuliko rangi yako ya kawaida, au usaha, au homa, hapo usitafute kituo cha bei nafuu, nenda emajensi. Mimi ni mpiga picha, naweza kukueleza kilichotokea, siwezi kukuambia nyama ya ndani imepona au haijapona.

Kilichotokea ni hivi. Mwili ukiona baridi imezidi unaamua kuokoa vya ndani kwanza, moyo, mapafu, ini, kwa hiyo mishipa midogo ya vidoleni inajibana ili damu ya moto isiende kupoteza joto huko nje. Kidole kinabaki bila damu ya kutosha, kinapoa, kikishuka chini ya sifuri maji yaliyomo kwenye nyama yanaanza kuganda. Na ubaya wake ni kwamba maumivu yanakwisha kabla ya hatari kuanza, unafikiri umezoea kumbe mishipa ya fahamu ndio imelala. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina jedwali lake, ukiwa kwenye nyuzi 0 za Fahrenheit, ambazo ni kama 18 chini ya sifuri kwa vipimo vyetu, na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Wewe umekaa saa mbili, na najua ulivua glovu maana hakuna anayezungusha vile vitufe na glovu nene.

Kuna jambo jingine ambalo huwa hatuambiwi. Picha zote za mafunzo zinaonyesha kidole cha mzungu kikiwa cheupe au chekundu, kwenye ngozi yetu rangi hiyo huioni, unaona kama majivu, au ngozi inang'aa na kuwa ngumu kama nta ya mshumaa. Kwa hiyo usitegemee macho, tegemea kugusa, dole gumba liguse kila ncha ya kidole kila baada ya dakika chache, kidole kisichohisi ndio mwisho wa shughuli siku hiyo hata kama anga inawaka. Na tafiti walizofanyiwa wanajeshi wa Marekani na wa Uingereza zimeonyesha askari wenye asili ya Kiafrika wanaumia na baridi zaidi kuliko wenzao weupe, sababu moja inayotajwa ni kwamba mishipa ya vidole inachelewa kufunguka tena ikishajibana. Haina maana tusitoke, ina maana mzungu aliyesimama pembeni yako na glovu nyepesi sio kipimo chako.

Siku nyingine ikikutokea, ingia ndani kwanza, kisha loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 mpaka 39, yaani maji unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga, mwambie mtu mwingine akupimie kwa kiwiko maana wewe huhisi. Usisugue, usipake theluji kama wazee wengine wa huku wanavyosema, na usiweke mkono karibu na hita au moto, kidole chenye ganzi kinaungua bila wewe kujua. Na hicho kitu kikali wanachokushauri washkaji, achana nacho kabisa. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, ndio maana unasikia joto usoni, lakini joto hilo ndio linaondoka mwilini, unapoa haraka zaidi huku unajiona uko sawa.

Haya, sasa kamera. Hili la kusema baridi inaua kamera nimelisikia miaka yote na sio kweli, au tuseme limegeuzwa. Kule nje kamera yako ilikuwa salama kuliko ulivyodhani, madhara umeyafanya nyumbani, karibu na hita.

Tuanze na betri. Betri hizi za lithiamu zinafanya kazi kwa chembe zenye chaji kuogelea ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, baridi ikiingia kile kimiminika kinakuwa kizito, chembe zinakwenda polepole. Umeme bado umo lakini hautoki kwa kasi ambayo kamera inataka, volti inashuka ghafla, kamera inasoma ikadhani betri imekwisha inajizima. Ndio maana nina uhakika ulipofika nyumbani betri ikapata joto ikaonyesha tena labda 60 au 70. Haikuharibika. Dawa yake ni kuwa na betri tatu, moja kwenye kamera mbili mfuko wa ndani kabisa karibu na kifua, ikizima unabadilishana, ile iliyopoa inaingia kifuani inapata joto inarudi kazini. Kosa ambalo linaua betri kweli ni kuichaji ikiwa bado ya baridi, chini ya sifuri lithiamu inajipaka juu ya sehemu ya ndani badala ya kuingia na ikishajipaka hairudi, kwa hiyo iache ipate joto la chumba kwanza ndio uchomeke. Na simu vilevile, iweke mfuko wa ndani, usiwe unaitoa kila saa kuangalia ramani, simu yako ndio 911 yako, namba ya dharura ya huku, na inazima kama kamera.

Skrini kuvuta ni kitu hichohicho, fuwele za kimiminika zilizomo zinakuwa nzito, ikipata joto inarudi, usiibonyezebonyeze. Na huo upepo unaoogopesha, yaani ile namba wanayosema "inahisi kama minasi 28", hiyo ni ya ngozi yako tu. Kamera haihisi. Upepo unaifanya ipoe haraka lakini haiwezi kushuka chini ya joto halisi la hewa, kama hewa ni 17 chini ya sifuri kamera inaishia hapohapo.

Ukungu sasa. Kumbuka Dar, umetoa soda kwenye friji umeiweka mezani, dakika mbili chupa inatoka jasho mpaka inalowesha kitambaa cha meza. Hiyo jasho haikutoka kwenye soda, ni unyevu wa hewa ya chumba umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. Kamera yako ndio ilikuwa chupa ya soda. Chumba cha nyuzi 21 chenye unyevu wa asilimia 40, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 7 hivi kinaanza kutoka jasho, wewe umeingiza kitu cha 17 chini ya sifuri, na kama kulikuwa na sufuria ya chai inachemka jikoni ndio zaidi. Halafu ukaifuta, maji ya nje yakaondoka ya ndani yakabaki, ukaiweka kwenye hita upande mmoja ukapata moto mwingine bado barafu, na joto namna hiyo linaweza kuyeyusha grisi ya ndani ya lenzi ikatembea mpaka kwenye vioo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi sana na unafanyika NJE kabla hujagusa mlango. Unatoa memori kadi na betri, unaweka mfukoni. Unaiweka kamera na lenzi yake kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, ule mkubwa wa kuwekea nyama friza, unatoa hewa unafunga kabisa. Unaingia ndani, unauweka mfuko sakafuni mbali na hita, unaoga, unakula, unalala. Jasho litatokea juu ya plastiki, kamera ndani inapata joto taratibu kavu. Saa mbili zinatosha, lenzi kubwa ipe tatu. Wewe unayetoka kazini usiku ndio rahisi zaidi, funga mfuko ulale, ukiamka imeshakuwa tayari. Na ukiwa nje usiiweke kamera ndani ya jaketi kuipasha, jasho la kifua chako ndio unyevu wenyewe, betri ndio zikae huko.

Kuhusu lile doa, usiifungue lenzi na usiiweke kwenye mchele, mchele unaingiza vumbi la wanga tu. Iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, siku nne au tano. Likiondoka lilikuwa maji. Likibaki duara lenye ukingo ni alama ya maji au grisi, na ukimulika na tochi ukaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, hapo mpelekee fundi wa kamera mkono kwa mkono mapema, kuvu ikikaa inakula ule utando uliopakwa juu ya kioo. Muulize bei kwanza. Lenzi ya mtumba wakati mwingine kusafisha ni ghali kuliko kununua nyingine, na doa dogo pembeni hata halionekani kwenye picha ukiwa f/8, yaani tundu la lenzi umelibana kiasi, kwa hiyo piga picha ya ukuta mweupe uone kabla hujatoa hela.

Theluji ya kijivu hiyo sio kosa lako. Mita ya kamera imefundishwa kuamini dunia ni ya kijivu wastani, ikiona nyeupe tupu inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Unaizidi nguvu, ile setingi ya plasi na minasi unapandisha plasi moja, ukiona bado unaenda moja na nusu. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, stendi ya miguu mitatu iwe chini kabisa kwa sababu upepo wa ziwa unaitikisa, ISO 100, f/8, taima ya sekunde mbili ili kamera ijipige yenyewe, na fokasi uirudie kila baada ya muda, chuma cha lenzi kinasinyaa kwa baridi na ile alama ya mbali kabisa uliyoiweka ukiwa umefika sio mahali pake tena. Miguu ya stendi ya chuma izungushie sponji, ile inayofungwa kwenye mabomba ya maji, bila hiyo unashika barafu.

Sasa jambo ambalo kwangu ndio kiini cha barua yako yote. Umekaa nje saa mbili kwa picha ambayo inaishi dakika 40.

Kigamboni ulizoea kuwahi sana kwa sababu kwetu karibu na ikweta kupambazuka ni kama kuwasha taa, kutoka mwanga wa kwanza wa kuaminika mpaka jua kutoka ni dakika 20 na kidogo, ukichelewa feri umekosa. Chicago mwezi wa kwanza jua linapanda kwa mshazari, muda huohuo unavutika mpaka nusu saa. Katikati ya Januari jua linatoka kama saa 1 na robo asubuhi. Ile bluu nzito, anga bado ina rangi na taa za maghorofa bado zimewaka, inakaa kuanzia kama saa 12 na nusu kwenda saa 1 kasoro dakika 10, halafu kuna kautupu kidogo, halafu jua linatoka ziwani nyuma ya bega lako na kuwasha vioo vya Willis Tower na majengo yote ya mbele. Ni mpango uleule wa Kigamboni, umesimama mashariki, maji katikati, mji magharibi unapigwa jua usoni, jicho lako lilichagua Adler kwa sababu linaijua hiyo picha. Kwa hiyo kazi yako inaanza saa 12 na robo inaisha saa 1 na nusu, na katikati unaweza kurudi kwenye gari mara mbili.

Na mlinzi. Sitakuambia rangi yako haihusiki, mtu mweusi na begi kubwa gizani kila mmoja wetu anajua anavyotazamwa. Lakini angalia hili pia, bustani za Chicago na njia ya ufukweni zinafungwa saa 5 usiku na kufunguliwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo saa 11 na nusu alikuwa na haki ya kukutoa na hata kukuandikia faini. Rudi saa 12 na dakika kumi, vaa jaketi lenye mistari inayong'aa, weka stendi mahali pa wazi, msalimie wewe wa kwanza. Kupiga picha ukiwa mahali pa umma sheria inakuruhusu, kwenye eneo la jengo la mtu binafsi wakisema ondoka unaondoka. Hiyo saa moja kutoka kazini mpaka bustani kufunguliwa, kaa pa joto, kunywa chai, kula kitu cha maana, maana mwili wenye njaa hautengenezi joto. Na kama macho yanafunga kwa usingizi, usiendeshe, treni za Red na Blue zinatembea saa 24.

Mavazi nitapita haraka. Ndani kabisa isiwe pamba, pamba inanyonya jasho inakaa mbichi mwilini, vaa sufu au polista, juu yake sweta nzito, juu ya yote kitu kinachozuia upepo. Mkononi vaa glovu nyembamba halafu juu yake zile kubwa ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, na kipakiti cha kupasha mikono katikati, vile vina unga wa chuma unaopata kutu haraka ndio unatoa joto kwa hiyo vinahitaji hewa, vifungue dakika kadhaa kabla. Unatoa mkono, unabonyeza, unarudisha. Viatu visibane, soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko moja kwa sababu unazuia damu.

Watu watakushauri upigie ndani ya gari dirisha limefunguliwa. Nimejaribu, picha zinatoka kama zimepigwa kupitia mvuke, hewa ya moto ya hita inakutana na ya baridi hapo dirishani mwanga unapindapinda, ukitaka hivyo zima hita vioo vyote viwe chini dakika kumi, na hapo bora usimame nje tu. Zile ghorofa za kutazamia mji zina joto lakini stendi huwa haziruhusiwi, na vioo vinarudisha taa za ndani, weka lenzi igusane kabisa na kioo. Kwa mtu anayeumwa vidole kama wewe hiyo ndio njia yangu ya kwanza mwezi huu.

Na kitu kimoja naomba unisikilize kama kaka. Usiikanyage barafu ya ziwa. Pale ufukweni inajipanga inaonekana kama nchi kavu, chini yake kuna matundu na maji, ikivunjika unaingia na hakuna wa kukuona saa hiyo. Gati la North Avenue nalo mawimbi yanalipaka barafu mpaka linateleza kama sabuni. Pia kama una pumu, selimundu, au vidole vyako huwa vinageuka rangi hata kwa baridi ya friji, ongea na daktari kabla ya kutoka tena, baridi inachokoza vyote hivyo.

Usiuze kamera. Kiangazi huku jua linatoka saa 11 na robo, bustani bado imefungwa, anga nyeupe ya unyevu. Moshi wa ziwa ambao pengine uliuona, ule mvuke unaopanda juu ya maji hewa ikiwa baridi kuliko ziwa kwa mbali, huo ni wa miezi hii tu. Januari 30, 2019 hapa ilishuka mpaka 31 chini ya sifuri, moshi ukapanda ukameza maghorofa nusu, mimi sikutoka, nilipiga kupitia dirisha la ngazi za jengo letu na ni picha ninayoipenda mpaka leo.

Ila usitoke tena mpaka upate neno la daktari, kidole kilichoganda mara moja kinaganda haraka mara ya pili na kinaweza kukaa hivyo muda mrefu. Muulize wazi, lini naweza kurudi nje na kwa dakika ngapi, akuambie kwa namba. Wakati unasubiri, fanya lile jaribio la ukuta mweupe, kisha mulika lenzi na tochi upande wa nyuma unitumie picha ya hilo doa, nitakuambia kama ni la fundi au la silika.